Mtungi wa Yungiyungi

Katika utumishi wake Inspekta aliona mali ya wizi ikirudishwa kwa namna nyingi: kutupwa mtaroni, kuachwa uwanjani kwa jirani, kurushwa juu ya ukuta na mwizi aliyeingiwa na hofu. Hakuwahi kuona mali ya wizi ikirudi kwa adabu namna hii. Mtungi uliotoweka wiki iliyopita ulikuwa umesimama kwenye rafu ileile ya chumba cha kukaushia, juu ya ubao uleule, na petali yake ndefu kuliko zote ilielekea dirishani, kama ilivyokuwa ikielekea siku zote.

"Labda ulikwenda kutembea, afande," alisema Sajenti.

"Mitungi haitembei, Sajenti."

"Ndiyo, afande. Nilitaka tu tuliondoe hilo mapema."

Inspekta hakucheka. Vijana wa kituoni walimwita Rula kisogoni pake, naye alilijua jina hilo na hakulikataa, kwa kuwa hakuona aibu yoyote katika kunyooka. Alikuwa na kanuni zake, na mojawapo ilijulikana na kila mtu aliyepata kuhojiwa naye: hakunywa hata tone la chai katika nyumba iliyokuwa chini ya uchunguzi.

Mlangoni alisimama binti mkubwa wa nyumba, mwenye kuendesha duka la mbele na mambo yote ya karakana, ambaye familia nzima ilimwita Meneja, mwanzo kwa utani na sasa kwa utii. Mkononi alikuwa na ufunguo.

"Nimeukuta asubuhi, kama unavyouona," alisema. "Sikumruhusu mtu kuugusa. Hata mama hajaingia, yuko barazani na mikono yake kwenye vitambaa vya moto."

"Mikono ina nini?"

"Viganja vinamuuma. Daktari alimwambia apumzike, lakini mama na kupumzika ni paka na maji."

Ilikuwa kwa ajili ya mama huyo kwamba Inspekta alikubali kuacha kesi nyingine mezani. Mfinyanzi yule alijulikana kwa vyombo vilivyofanana na vitu alivyoviona kwenye bwawa lililo nyuma ya nyumba: mabakuli yaliyojizungusha kama gamba la konokono, vikombe vyenye mishipa ya majani, birika lenye shingo ya korongo. Mtungi huu, mkubwa kuliko vyote, ulikuwa na umbo la yungiyungi linalotaka kufunguka. Uliagizwa kwa ajili ya ukumbi wa maktaba mpya, nao ulitoweka ukiwa umekwisha kukauka, ukingoja tu kuingia tanurini.

"Funguo ni ngapi?"

"Mbili. Huu wangu, na ule unaokaa msumarini jikoni, anaoutumia wifi yangu." Meneja alilitamka neno wifi kama mtu anayetema kokwa. "Kesi yenyewe imekwisha, Inspekta. Nilimwambia leo anarudi kwao. Ameona nimelifungasha sanduku lake, akatishika, akaurudisha. Asiye na hatia angerudisha nini?"

"Basi lake linaondoka lini?"

"Mchana."

"Basi tuna asubuhi nzima," alisema Inspekta, akamwomba aufunge mlango na kumwachia ufunguo.

Wifi huyo, mkwe wa nyumba, alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la bati, kwenye njia inayotoka jikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, udongo mkavu umemganda viwikoni. Mumewe, mwana pekee wa kiume wa nyumba hiyo, aliendesha malori ya masafa marefu na simu yake haikuwa ikipatikana. Mkwe alijikaza kisabuni, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Inspekta hakumuuliza habari za wizi. Alivuta kibao, akaketi usawa wake.

"Nifundishe jambo, dada. Chombo kikiwa rafuni, mnajuaje kwamba kimekauka?"

Yule mwanamke alishangaa, kisha akajibu kama mtu aliyepewa maji. "Kwa shavu, afande. Unakigusisha shavuni. Kikiwa baridi, ndani bado kuna maji, hata kama nje kinaonekana kikavu. Mikono yetu imezoea udongo, haisikii tena."

"Na mtungi wa yungiyungi, ulipotoweka?"

"Mkavu kabisa. Mweupe kama unga. Mama mwenyewe aliuweka shavuni akasema baba aanze kupanga kuni."

"Vizuri. Sasa lile jingine. Ulionekana ukitoka kwa mfinyanzi wa ng'ambo ya barabara, umebeba kitu ndani ya gunia bichi. Wiki iliyopita nilikuuliza ukanyamaza. Jana nilikwenda kumuuliza yeye."

Mkwe aliinamisha kichwa.

"Amesema ulikwenda kuomba udongo," Inspekta aliendelea. "Udongo laini anaouchekecha kwa ajili ya vigae. Nyumba hii ina shimo zima la udongo. Wa jirani wa nini?"

"Usimwambie mama."

"Siahidi. Sema."

"Udongo wetu ni mgumu, afande, unataka viganja vyenye nguvu. Mama akiukanda naona uso wake unavyojikunja. Kumwambia apumzike siwezi, mimi ni mkwe tu. Ndiyo nikawa nachanganya ule laini kidogo kidogo kabla hajaamka." Tabasamu dogo lilimponyoka. "Anasema udongo wa mwaka huu una tabia njema."

Sajenti aligeuka akatazama ukuta. Inspekta aliponyanyuka, sauti yake ilikuwa ileile, ila ilikuwa imeshuka kidogo.

"Usipande basi kabla sijakuambia," alisema.

Walirudi katika chumba cha kukaushia, wakafunga mlango nyuma yao. Inspekta alivua kofia, akaikabidhi kwa Sajenti, akainama mbele ya rafu na kuliegemeza shavu lake kwenye tumbo la mtungi. Alikaa hivyo, macho ameyafumba, sharubu zake zimegusa petali.

"Afande," Sajenti alinong'ona, "wakikuona kituoni hivyo, jina la Rula litabadilika."

"Weka shavu lako hapa. Halafu weka kwenye ule wa pembeni."

Sajenti aliweka. Alipojitoa, utani ulikuwa umemwisha. "Huu wa baridi. Ule wa pembeni wa kawaida."

"Mtungi uliotoka humu ulikuwa mkavu. Huu una maji. Niambie, Sajenti, mtungi mkavu unarudije mbichi?"

"Haurudi. Ukiulowesha unabomoka." Akafikiri. "Basi siyo wenyewe. Kuna mtu ameufinyanga mwingine."

"Ndiyo maana mwenye kuuleta hakuwa mwizi aliyeogopa. Mwizi hurudisha alichokiiba. Huyu amerudisha kitu kingine, na amekifanyia kazi siku na siku, akakileta kabla hakijakauka. Kwa nini hakusubiri?"

"Kwa sababu basi linaondoka leo," Sajenti alijibu polepole.

Inspekta alitikisa kichwa kukubali. Aliwasha kurunzi, akamulika ndani ya mtungi. Huko ndani, mahali ambapo mfinyanzi hapang'arishi kwa kuwa hakuna atakayepaona, vidole vilikuwa vimeacha mistari yao, ikipanda kwa kuzunguka kutoka kitako mpaka shingoni. Akamulika mtungi wa pembeni. Akamulika mwingine, na bakuli la konokono, na vikombe vya safu ya chini. Kisha akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Tazama. Humu mote mistari inapanda ikifuata mishale ya saa. Ni kazi ya mama, na ya mkwe aliyefunzwa na mama juu ya gurudumu lake la kufinyangia. Huu wa yungiyungi unapanda kinyume. Gurudumu lililoufinyanga lilizunguka upande wa pili."

"Jirani?"

"Nilimtazama jana akifanya kazi. Naye ni mwanafunzi wa zamani wa mama huyu, anazungusha kama alivyofundishwa. Vyombo vyake vyote vinafuata saa."

"Meneja?"

"Meneja hajawahi kufinyanga hata kifuniko. Mikono yake ni ya kufungia bidhaa."

"Basi afande, tumebaki na nani? Korongo wa bwawani?"

Inspekta alizima kurunzi, akatoka.

Mama alikuwa amewaitia chai barazani. Mwanamke huyo alikuwa mdogo wa mwili, mviringo wa uso, na alimwita Inspekta mwanangu kana kwamba sare haikuwapo. Mikono yake ililala mapajani ndani ya vitambaa, yote miwili, kama watoto waliougua pamoja. Mumewe, mzee mrefu mwenye nyusi zilizochomwa na moto wa miaka mingi, ndiye aliyeleta sinia. Alikuwa mchomaji wa nyumba hiyo. Vyombo vyote vya mkewe vilipita katika tanuri lake, na ilisemekana aliweza kulisikia tanuri likilalamika akiwa usingizini.

"Mtungi umerudi, naambiwa," alisema Mama. "Nilimwambia Meneja, mkwe wangu hawezi kuiba hata usingizi. Sasa na anyamaze. Wewe mwanangu hunywi?"

"Niko kazini, mama."

"Yeye si yuko kazini?"

Sajenti alikuwa akichota sukari kijiko cha nne. "Mimi natafuta ushahidi, mama," alisema, akachota cha tano.

Mzee alikaa kimya, akikoroga chai yake. Alikoroga kwa mkono wa kushoto, taratibu, na Inspekta, ambaye alikuwa na mazoea ya kutazama mikono ya watu wanaponyamaza, aliona kijiko kikienda kinyume cha mishale ya saa.

Alikitazama kijiko. Kisha akalitazama bakuli la sukari, ambalo Sajenti alikuwa amelipunguza kiasi cha kufunua kuta zake. Lilikuwa bakuli dogo la zamani lenye rangi ya jiwe la mtoni, limemegeka mdomoni, lisilofanana na chombo chochote cha karakana ile. Halikuwa na jani wala ua. Ndani, juu ya sukari iliyobaki, mistari ya vidole ilionekana wazi, nayo ilipanda kinyume.

"Bakuli hili ni zuri, mama," alisema Inspekta. "Si kazi yako."

Mama alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha msichana. "Hilo? Hilo ni barua ya posa. Kulikuwa na kijana mmoja, mfinyanzi hodari kuliko mimi, alikuwa haongei. Badala ya kusema neno akaniletea bakuli. Tulipooana akasema nyumba moja haiwezi kuwa na magurudumu mawili, yatagombana. Akaniachia mimi udongo, yeye akachukua moto. Hajarudi kwenye gurudumu mpaka leo."

Kijiko cha Mzee kilikuwa kimesimama.

"Mzee," alisema Inspekta, "ningependa unionyeshe tanuri."

Tanuri lilikuwa mwisho wa ua, na pembeni yake kulikuwa na kibanda cha kuni. Mzee alitembea mbele, kama mtu anayejipeleka. Ndani ya kibanda, chini ya kuni zilizopangwa kwa unadhifu uliozidi, Inspekta aliona ukingo wa gurudumu la kizamani la kupiga kwa mguu. Aliondoa kuni mbili. Juu gurudumu lilikuwa limeoshwa, na ekseli yake iling'aa kwa mafuta mapya. Dirishani palikuwa na kopo la maji, na ndani yake yungiyungi lililonyauka.

"Mchomaji haweki maua kibandani," alisema Inspekta.

"Nilitaka petali zikae sawa." Sauti ya Mzee ilikuwa nzito kwa kutotumika. "Yeye huzichonga kichwani mwake. Mimi nilihitaji kutazama."

"Wa kwanza uko wapi?"

Mzee alielekeza kidole kwenye pipa lililokuwa ukutani, lile la kuloweshea vyombo vilivyoharibika kabla ya kuchomwa, ili vigeuke udongo tena. Ndani yake mlikuwa na tope laini, limetulia, halina habari.

"Nilikwenda kuupima kabla ya kupanga kuni. Nikaugeuza. Kitako kilikuwa na ufa, umejipinda kama mnyoo. Unajua ufa wa namna hiyo unatoka wapi, mwanangu? Unatoka kwenye kitako ambacho hakikubonyezwa sawasawa wakati wa kufinyanga. Katika maisha yake yote hajapata kuwa na ufa huo." Akapiga moyo konde. "Daktari alipomkataza kazi, aliapa mbele yangu. Alisema siku kitako changu kikipasuka, hapo nitaondoka kwenye gurudumu, si kabla. Nikachukua ufunguo msumarini. Ningefanyaje? Ningemwambia asubuhi, pamoja na habari za hali ya hewa?"

"Ulidhani utafinyanga mwingine, hakuna atakayejua."

"Nilidhani hawatauona haupo mpaka wa pili ukauke. Meneja akauona. Akaita polisi. Kisha akamshika yule mtoto." Mzee aliufuta uso kwa kiganja. "Nikasema ukirudi tu, kesi imekufa. Nikaurudisha mbichi, mimi, niliyewagombeza watu wa nyumba hii kwa kuniletea vyombo vibichi. Kumbe ndiyo nimemfunga kamba zaidi."

Inspekta alisimama wima kama alivyofundishwa kusimama tangu utotoni. Sheria aliyoitumikia haikuwa na kifungu kinachomhusu mume aliyeficha ufa. Lakini kulikuwa na sanduku njiani, na mtu aliyeketi juu yake.

"Sitakushtaki kwa lolote, Mzee. Ila kuna mtu asiye na kosa anayesubiri basi kwa sababu ya kimya chako, na hilo siliruhusu. Utasema mwenyewe, au nitasema mimi. Nami husema vibaya."

Mzee aliuchukua mtungi rafuni kwa mikono yake mwenyewe, akaubeba mpaka barazani, akauweka mbele ya mkewe. Meneja alikuwa amekuja, na mkwe ameitwa.

Mama alivua vitambaa. Aliliinamisha shavu lake juu ya mtungi, kama mtu anayesikiliza, na nyusi zake zikapanda. Kisha akaingiza mkono ndani. Vidole vyake vilitembea ukutani, vikazunguka, vikasimama, vikarudi vilikotoka.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "umerudi kwenye gurudumu bila kunipa habari?"

"Ule wako ulipasuka kitako."

Mama aliitazama mikono yake, si kwa hasira, bali kama mtu anavyowatazama watumishi waliomtumikia muda mrefu na sasa wanaomba ruhusa.

"Uko wapi?"

"Pipani."

"Ufa mkubwa?"

"Mdogo. Mdogo sana."

"Usinipake mafuta. Ufa ni ufa." Alivuta pumzi. "Na mtoto wangu huyu akakaa juu ya sanduku kwa ajili ya ufa wangu."

"Mama, mimi nilikuwa..." Mkwe alisita, akamtazama Inspekta, kisha akayatema yote: udongo laini, jirani, gunia bichi.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama. "Nilijua kuna mtu ananidekeza, sikujua nani. Nilidhani ni Mungu." Akamgeukia binti yake. "Meneja. Sanduku hilo halitarudi ndani lenyewe."

Meneja alikuwa ameyashika mashavu yake kwa mikono miwili. Alikwenda njiani, akainama, akalivuta sanduku, likakataa.

"Wifi," alisema, na safari hii neno lilitoka bila kokwa. "Nimekukosea. Nisamehe."

"Zito hilo," alijibu mkwe, akikausha macho kwa kiwiko chenye udongo, akajipaka tope usoni. "Umelijaza mpaka nguo za mume wangu. Shika upande ule."

Walipokwisha kuingia, Mzee alibaki amesimama mbele ya mkewe. "Na kiapo?" aliuliza.

"Kiapo kiko palepale. Nimeondoka kwenye gurudumu." Alilisema wazi, na kidevu chake kilitetemeka mara moja tu. "Lakini sikuapa kuacha maua. Petali zako hizi, Mzee wangu, ni kama masikio ya mbuzi. Kesho wewe na mkwe mtafinyanga, mimi nitachonga. Zitoe kuni juu ya gurudumu lako."

"Na mtungi huu? Bado una unyevu, unaweza kutia alama yako."

"Mimi nitie alama kwenye kazi ya mtu mwingine? Tia yako."

Mzee alijikuna nyusi zisizokuwapo. "Nimeisahau, bibi yangu. Ni miaka."

"Mimi sijaisahau."

Akachukua bakuli la sukari na kulipindua. Sukari yote ilimwagika juu ya sinia, ikamfanya Sajenti atoe mguno wa mtu aliyefiwa. Chini ya kitako, katika udongo uliochomwa kabla Inspekta hajazaliwa, palikuwa na mikwaruzo mitatu mifupi, kama unyayo wa ndege aliyepita asubuhi. Mzee aliitazama muda mrefu. Kisha akaulaza mtungi magotini, akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto, na katika udongo uliokuwa bado na unyevu wa kutosha akaikwaruza, mmoja baada ya mwingine, huku mkewe amemshikia bakuli karibu na macho.

Inspekta aliichukua kofia yake kwa Sajenti, akaiweka mezani. Alivuta kiti, akaketi, akakisogeza kikombe kilichokuwa kimemngoja tangu asubuhi. Chai ilikuwa imepoa na haikuwa na sukari. Aliinywa mpaka chini.